Yowe la Ijumaa Kuu

Buswahili, Butiama
Wiki ya saba baada ya Pasaka

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Nakuamkia mara mbili: ya kwanza kama mwanao wa kila siku, ya pili kama mtu aliyekukosea na anayetaka kusema kosa lake. Magoti yanasemaje na baridi ya huko? Dada Leokadia aliniandikia kwenye simu kwamba mmeshaanza kuchuma kahawa na kwamba wewe umekataa kukaa nyumbani, unapanda mlima na kikapu kama msichana. Mama, acha ubishi. Kahawa ina wachumaji, magoti hayana ya akiba. Mimi ni mzima, ukiacha bega la kulia, nalo nitalieleza zamu yake ikifika.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Kila nikianza kusema unaniwahi kwa sifa, "mwanangu shujaa, mwanangu shujaa", nami ulimi unarudi ndani. Najua kwamba Jumapili ile ya pili ya Pasaka ulisimama kanisani huko Mbinga baada ya matangazo, ukawasimulia waumini jinsi mwanao Gaudensi alivyojitupa mbele ya mapanga kumtetea mtu aliyekuwa akiigiza Yesu, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Najua ulitoa Misa ya shukrani. Najua Padri alinitaja kwenye mahubiri.

Mama, haikuwa hivyo. Nilikudanganya. Keti chini, Leokadia akusomee polepole, na ukimaliza nakuomba usimame tena mbele ya watu wale wale uwaambie kwamba mwanao alisema uongo. Najua ninachokuomba. Najua itakuuma kuliko magoti.

Nianze na mtu mwenyewe. Aliitwa Mafuru. Alikuwa mwanaume wa miaka kama arobaini, mrefu, mabega mapana, na kovu lililotoka sikioni hadi shingoni. Huku Mara watu wanapenda ng'ombe mpaka mgeni unaona wivu, na Mafuru aliwahi kuwapenda wa wenzake. Alikamatwa akiwaswaga ng'ombe wa watu kuelekea mnadani Bunda, akala kifungo cha miaka saba Musoma. Alipotoka alikuja kigangoni kwetu, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango mwaka mzima, halafu akaomba ubatizo. Katekista wetu, Mzee Magesa, alimpa orodha ya majina ya watakatifu achague. Akachagua Dismas, yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Bwana. Watu walicheka kanisani, na yeye alicheka nao.

Mimi, kama ujuavyo, siwezi kukaa mahali bila kuwapanga watu. Mwaka huu niliwaambia hawa wa kigango kwamba Njia ya Msalaba ya kusoma kwenye kitabu huku watu wanasinzia ni aibu, tufanye kama kwetu Mbinga, tuigize, twende na msalaba halisi kutoka shuleni, tupite mashamba ya mihogo, mpaka juu kwenye yale mawe makubwa ya kilimani. Wakakubali. Ilipofika zamu ya kumchagua Yesu, Mafuru alinyoosha mkono.

Kelele zilizotokea hapo, mama, usiulize. Akina mama walisema hawawezi kumlilia mwizi. Mwenyekiti wa kigango akasema bora msalaba ubebwe na mbuzi. Mafuru aliwaacha wote wamalize, kisha akasimama.

"Mimi nimeshafungwaga kamba kweli," alisema. "Nimeshapigwaga na watu mia wakisema niuawe. Najua inavyouma. Huyo mwingine mtakayemchagua atakuwa anabahatisha tu."

Nikamtetea. Usidhani ni kwa huruma. Nilitaka mtu mwenye mabega ya kubeba mti wa mkaratusi bila kuyumba, basi.

Mkewe anaitwa Nyanjura, mzaliwa wa Mugango ziwani, na watu wa ziwani wamezoea kuitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Ana sauti, mama, sijapata kusikia. Nikampa nafasi ya kuongoza wanawake wa Yerusalemu, wale wanaokutana na Yesu njiani wakimlilia. Kwetu kituo kile wanawake huimba wimbo wa huzuni. Mimi nikaona wimbo hautoshi. Nikamwambia Nyanjura, mkifika pale wewe piga yowe, yowe lenyewe la msiba, watu wasimame nywele.

Mzee Magesa alinivuta pembeni siku hiyo hiyo. Ni mzee wa miaka sabini na ushee, mpole, anasoma masomo kwa miwani iliyofungwa uzi. Akaniambia, "Mwalimu, hapa kwetu yowe halichezewagi. Yowe likipigwa ni ng'ombe wameibwa ama mtu anakufa. Kila mwanaume anayelisikia anatoka na silaha yake. Asiyetoka anaulizwa alikuwa wapi, na analipa mbuzi."

Nilicheka. Nikamwambia mzee, hii ni ibada, hata shetani anajua leo ni Ijumaa Kuu. Alivyoona sishiki, akaniomba basi nipeleke taarifa ng'ambo ya bonde, kwa mwenyekiti wa kijiji cha pili, kwamba wakisikia yowe Ijumaa mchana wasishtuke. Nikasema nitakwenda mwenyewe Alhamisi. Alhamisi nilikwenda Butiama machinjioni kununua damu ya ng'ombe nimpake Yesu wangu, maana rangi ya maji niliona haifai. Nikarudi na chupa yangu nimeridhika, mvua ikanyesha, na ng'ambo ya bonde sikwenda. Asiyesikia la mkuu, mama, wewe ndiye uliyenifundisha mwisho wake. Ila guu lililovunjika halikuwa langu.

Na jambo moja sikulijua. Usiku wa kuamkia Alhamisi hiyo, wale wa ng'ambo walikuwa wameibiwa ng'ombe sita. Tangu alfajiri hiyo mpaka Ijumaa vijana wao walikuwa porini na mapanga, marungu na mishale wakifuata nyayo.

Tulianza saa nane mchana. Mimi nilikuwa Pilato, nimejifunga lile shuka la zambarau ulilonishonea. Vijana wanne walikuwa askari wenye viboko. Mafuru alivuliwa shati, nikampaka damu mgongoni na usoni, nzi wakaja hapo hapo. Mikono yake tuliifunga kwa kamba ya katani kwenye mti wa mkaratusi, mkono huku na mkono huku, vizuri kabisa, kwa sababu nilitaka ionekane kweli. Watu walikuwa kama themanini. Nilikuwa nimewafundisha wapige kelele njia nzima: "Asulubiwe! Auawe!" Kituo baada ya kituo waliingia moto. Ni jambo la ajabu, mama. Mtu unamwambia aseme "auawe" kwa kuigiza, na baada ya muda unaona mishipa ya shingo imemsimama kweli. Wale waliokuwa hawamtaki Mafuru ndio walikuwa na sauti kubwa zaidi.

Kituo cha nane kilikuwa kwenye shamba la mihogo chini ya mawe. Nyanjura akatoka mbele ya wenzake, ana mimba ya miezi mitano wakati huo, kajifunga kitenge kichwani, akamtazama mumewe aliyejaa damu ya ng'ombe. Akapiga yowe. Nadhani alisahau kwamba ni mchezo. Lilikwenda bondeni likarudi, wanawake wengine wakalipokea, na mimi Pilato nikasisimka kwa furaha kwamba kazi yangu imefana.

Walitokea ndani ya muda mfupi sana. Walikuwa karibu kuliko tulivyodhani, kumbe nyayo walizokuwa wakizifuata zilipita upande wetu. Vijana kama ishirini walikuja mbio katikati ya mihogo, vifua wazi, jasho tupu. Sasa jiweke wewe mahali pao. Umeibiwa. Umesikia yowe. Unakuta umati unapiga kelele "auawe", katikati yake kuna mtu kafungwa kamba anavuja damu, anachapwa. Na unamtazama usoni, unamfahamu.

"Ni Mafuru!" mmoja alipaza sauti. "Ni yeye tena! Alisemaga ameokoka!"

Kanisani kwao vijana hao hawana Njia ya Msalaba. Hawakuwahi kuiona.

Wa kwanza kupiga ni mmoja anaitwa Wambura. Alimpiga Mafuru rungu la goti, nikausikia mfupa ukivunjika. Mafuru akaanguka na mti wake, na unajua alisema nini? Alidhani ni askari wangu wamezidisha. Alisema, "Taratibu jamani, bado kituo cha tisa." Hapo ndipo walipomshukia wote. Mikono ilikuwa imefungwa, mama. Mtu akipigwa huziba uso kwa mikono, ndivyo mwili ulivyoumbwa, na mimi nilikuwa nimeichukua mikono yake nikaifunga kwa mafundo mawili mawili. Walimpiga mawe ya mbavu. Mmoja alimkata bega kwa panga, mwingine paja. Askari wangu wanne walitupa viboko wakakimbia. Watu wetu walipiga kelele "Acheni! Acheni!" lakini walikuwa wamepiga kelele tangu saa nane, nani angetofautisha kelele na kelele? Mzee Magesa alikwenda na kitabu chake mkononi, anawaambia vijana ni ibada, ni ibada, kelele zikamfunika. Mmoja akampiga ngumi ya mdomo, meno yakaruka.

Ndipo Wambura akasimama. Hili nataka ulisikie vizuri. Alisimama, akashusha rungu, akatutazama tuliovaa mavazi ya ajabu. Pengine kuna kitu kilimchanganya. Akauliza kwa sauti, "Nani yuko pamoja na huyu?" Halafu akanigeukia mimi, kwa sababu ananifahamu, nimemfundisha mdogo wake.

"Mwalimu, huyu unamjua?"

Mafuru alikuwa chini. Jicho moja lilikuwa limeshafumba. Akaniita, "Mwalimu! Waambie!"

Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili. Ni mchezo. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuyasema. Lakini nilisikia "nani yuko pamoja na huyu", nikaona panga la yule kijana wa pembeni likinielekea, nikaona shuka langu la zambarau, na tumbo langu likaamua kabla ya kichwa.

Nilisema, "Simjui. Mimi ni mwalimu tu."

Nikalivua lile shuka, nikaliangusha kwenye mihogo. Wambura akageuka, wakaendelea, na kwa kelele zile watu wetu hawakunisikia.

Hiyo ndiyo habari yenyewe, mama. Ulinizaa, ukanibeba mgongoni kwenda kubatizwa, ukanisomesha kwa kahawa, na siku niliyoulizwa kama namjua mtu aliyekuwa amevaa taji la miiba niliyoisuka mimi mwenyewe, nilisema simjui.

Kilichowazuia vijana si mimi. Mzee Magesa, mdomo unamwaga damu, nguvu zilimwishia, akapiga magoti pale pale na kuanza Baba Yetu. Mwanamke mmoja akapiga magoti. Mwingine. Ndani ya muda mfupi shamba zima lilikuwa magotini. Vijana walipoona hivyo mikono ikalegea. Hakuna mtu anayempigia magoti mwizi wa ng'ombe.

"Mnafanya nini?" Wambura aliuliza.

"Tunaabudu," mama mmoja alimjibu akilia. "Leo Bwana amekufa. Huyo tumemweka tu awe Bwana."

Sijaona uso wa binadamu ukibadilika vile. Wambura alianguka chini akaanza kukata zile kamba kwa meno, panga alilitupa, alisahau kwamba lingekata upesi. Alikuwa anarudia, "Tulisikia yowe. Tulisikia yowe." Wale wale waliompiga ndio waliombeba Mafuru juu ya ule mti mpaka barabarani, tukapata gari la mizigo la kwenda Musoma. Nilipanda nyuma pamoja naye na Nyanjura. Karibu na mjini alifumbua lile jicho lililobaki, akanitafuta, akanipata.

"Mwalimu," alisema, "ulisahau maneno yako."

Sijui mpaka leo kama alikuwa ananitania au ananishtaki. Alikuwa mtu wa utani. Alikufa hospitali Jumamosi asubuhi, tukamzika Jumatatu ya Pasaka.

Sasa uongo wangu. Msibani ndugu zake watatu, mkubwa wao anaitwa Masatu, waliniketisha wakaniuliza: wewe ndiye uliyeongoza, ulikuwa karibu, ulifanya nini? Nikaona macho yao. Nikasema nilipiga kelele kwamba ni mchezo, nikawashika mikono, hawakusikia. Walinishukuru, Masatu alinikumbatia. Polisi nao nikawaambia hivyo hivyo. Jioni ukanipigia, nikakuambia wewe. Mara ya tatu ilitoka laini kabisa, hata mimi nilikaribia kuamini. Nyanjura alianza kuniletea samaki wa ndugu zake wa Mugango, akaniambia mtoto akiwa wa kiume atampa jina langu.

Niliwala wale samaki, mama. Nisikufiche hata hilo.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwa Mzee Magesa. Wiki ya tano alikuja nyumbani kwangu, anaongea kwa shida kwa sababu ya meno.

"Mwalimu, kina Masatu wamepanga. Arobaini ikiisha wanavuka bonde. Wambura yuko rumande Musoma, hawamfikii, basi watachukua kaka yake. Mtu kwa mtu."

"Lakini wale walikosea," nikasema. "Walisikia yowe."

Mzee alinitazama juu ya miwani. "Wewe ndiye uliyesema waliambiwa ni mchezo wakaendelea. Basi si kukosea. Waliua kusudi. Aliyeua kusudi hulipiwa. Wanasemaga wewe ndiye shahidi wao."

Sidhani kama alijua. Lakini mimi nilijua. Uongo niliousema ili nionekane mwanaume ulikuwa unakwenda kumchinja mtu ambaye sijapata kumwona, kaka wa mtu aliyeniuliza swali moja la haki. Akifa huyo, wa kwao nao watavuka bonde kuja huku. Hapa hesabu ya namna hiyo haikosi mtu wa kuiendeleza.

Nilianza kwa Nyanjura. Nilimkuta uani anatwanga muhogo mkavu, tumbo limeshakuwa kubwa, mashoga zake wameondoka. Sikuzunguka. Nikamwambia, "Mume wako aliniita niwaambie. Wambura akaniuliza kama namjua. Nikasema simjui."

Aliacha kutwanga. "Alikuita kwa jina?"

"Aliniita Mwalimu."

"Ukasema humjui."

"Ndiyo."

Alinipiga kwa mchi. Alikusudia kichwa, nikainama, ukapata bega na kuvunja mtulinga. Ndiyo maana mwandiko huu umepinda na barua imechukua siku nne. Nilianguka, akaja juu yangu, akanipiga tena mgongoni na mguuni, analia, ananiita mbwa kwa Kiswahili na kwa kikwao, nami sikuzuia, kwanza kwa sababu nilistahili na pili kwa sababu mkono ulikuwa haunyanyuki. Halafu mchi ukamtoka. Akaketi kwenye vumbi la unga karibu nami, anahema.

Kuku wakaja kudonoa unga uliomwagika.

"Mimi ndiye niliyewaita," alisema. "Kwa mdomo huu."

"Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Nyamaza. Sijamaliza." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kijana mmoja alinishika mkono pale kwenye mihogo. Akaniuliza, mama, unamjua huyu? Nikatazama tumbo langu. Nikamwambia, hapana, mimi napitaga tu hapa."

Mama, mimi nimefundisha watoto mafundisho ya Komunyo miaka kumi na mmoja. Kwa nini Yesu alikufa? Ili atukomboe. Nimeliuliza swali hilo kama ninavyouliza saba mara nane, na mtoto akijibu nampa vema nasonga mbele. Siku zote nilijua waliomwua walikuwa watu wa namna nyingine, wenye roho mbaya, na sisi tulikuwa upande wa kulia machozi. Kumbe waliomwua walisikia yowe wakaja mbio kutetea vya kwao. Na waliompenda walikuwa pale pale, hatua tano, wakisema tunapita tu. Alikufa katikati ya watu wa namna hiyo, na kama hakufa kwa ajili ya watu wa namna hiyo basi sijui alikufa kwa ajili ya nani, maana wengine hawakuwepo. Nililielewa hilo nikiwa nimelala kwenye unga wa muhogo, mfupa umevunjika, na silisemi kwa majivuno. Ningependa nilielewe kwa bei nyingine.

Nyanjura alinifunga mkono kwa khanga yake. Akasema, "Arobaini utasimama uyaseme haya. Na mimi nitasema yangu." Nilimwambia wataniua. Akasema, "Huenda."

Jumamosi iliyopita ilikuwa arobaini. Watu walikula, wageni wa mbali wakaanza kuaga, wakabaki ndugu. Masatu na wadogo zake walikuwa wameketi upande wa zizi, mapanga yamelazwa kwenye nyasi, yamenolewa, hawakuyaficha hata kidogo. Nilisimama. Nikasema yote: damu niliyonunua, taarifa ambayo sikuipeleka, kamba, swali la Wambura na jibu langu. Nikasema Wambura hakusikia kwa yeyote kuwa ni mchezo mpaka Mafuru alipokuwa ameshaumizwa vya kufa. Nikasema wale vijana walifanya kile ambacho ninyi wenyewe mngefanya mkisikia yowe.

Mdogo wao wa mwisho, Bwire, alinirukia, akanipiga teke la tumbo, akaninyonga kooni, niliona giza. Masatu ndiye aliyemtoa. Alimtupa pembeni, akachukua panga lake, akasimama juu yangu.

Nyanjura akaja akasimama kando yangu na tumbo lake. Akasema ya kwake: yowe, yule kijana, napitaga tu. Alisema kwa ile sauti yake, hapakuwa na mtu wa kudai hakusikia.

Masatu alibaki na panga mkononi. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu anayelima. "Wambura hakujua," alisema polepole. "Mwalimu aliogopa. Shemeji ndiye aliyepiga yowe, na amebeba mtoto wa ndugu yangu." Akamtazama kila mmoja wetu, kisha akapaza sauti, karibu alie, "Sasa mnataka nimwue nani? Damu ya ndugu yangu nimdai nani?"

Nyanjura akamwambia, "Ameshakufa mmoja, shemeji. Anatosha."

Masatu alitupa panga juu ya paa la nyasi, akaingia zizini kwa ng'ombe, tukamsikia analia huko ndani, mwanaume mzima, kilio cha kwanza tangu msiba. Alipotoka aliniambia niondoke na nisikanyage pale mpaka aniite. Hajaniita. Hakuvuka bonde. Sitakudanganya tena kwamba kila kitu kimekwisha: Jumatatu ng'ombe wawili wa kina Wambura walikutwa wamekatwa mishipa ya miguu, na kila mtu anajua ni Bwire. Lakini hakuna mtu aliyekufa. Jumanne Mzee Magesa alivuka bonde peke yake na fimbo yake, akashinda kule, akarudi salama.

Nimekwenda Butiama polisi kubadilisha maelezo yangu. Kesi ikianza Musoma nitaitwa, nitaulizwa kwa nini nilisema uongo, na kazi inaweza kwenda. Ikienda nitarudi nichume kahawa. Jina la mtoto nimenyang'anywa, na ni haki.

Nisalimie dada yangu Leokadia, na umwambie asiruke mstari hata mmoja anapokusomea. Msalimie Mjomba Thadei, aliyechinja jogoo kwa ajili ya ushujaa wangu. Mwambie nitamlipa jogoo. Bibi mzaa baba mwambieni kwa upole, au msimwambie. Bibi Kandida aliyenifundisha Komunyo mpe mkono wangu wa kushoto. Padri mwombe anisamehe kwa lile hubiri, na Misa ile, kama inaruhusiwa, aihamishie kwa Dismas Mafuru.

Mama, ukifika mbele ya altare usiseme "mwanangu alikosea" halafu ukakaa. Watakuuliza. Waambie nilichosema, kwa maneno yale yale niliyoyasema. Na wakiuliza kama bado unanijua, jibu utakavyoweza.

Mimi mwanao,
Gaudensi